Kiu ya Ukoo Wetu

Baba Mkubwa ni fundi makochi, na kwa springi hana mpinzani. Alituchukua mimi na pacha wangu baba yetu alipofariki kwa ugonjwa wa ini. Mimi akaniachisha shule darasa la tano nije kushona mito. Mwenzangu akabaki masomoni, maana ukoo ulihitaji msomi mmoja wa kujivunia.

Kochi likikamilika alilipima kwa njia yake: wanakaa watu wawili, kila mmoja na glasi ya pombe iliyojaa pomoni. Isipomwagika, springi ni nzima. Maji hakuyataka, eti hayana heshima. Na kwa kuwa kumwaga ni dhambi, kipimo kilinywewa. Mtu wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe; wa pili pacha wangu, tangu ana miaka kumi na miwili. Mimi nilionekana mwepesi mno, siwezi kubonyeza springi.

"Tazama anavyomeza, hata uso hakunji!" Baba Mkubwa alimsifu. "Damu hiyo! Marehemu babu yenu mtupu."

Mwaka huu, tukiwa na kumi na minne, pacha wangu alilala juu ya karatasi ya mtihani, akaamka akaitapikia. Shule ikataka kumfukuza. Baba Mkubwa akavaa koti, tukaenda wote watatu.

"Mwalimu, usimwonee mtoto," alianza. "Ni damu."

Mwalimu mkuu, mama wa makamo, akaweka kalamu chini. "Babu yake alikunywa?"

"Kwa bidii."

"Baba yake?"

"Yule alituzidi wote, Mungu amrehemu."

"Na wewe, mzee?"

"Mimi kazini tu."

"Nakubali, damu yaweza kumvuta mtoto mapema. Sasa wewe unayejua nyumba yenu ni ya nyasi, kiberiti unampa nani?" Akanigeukia. "Na huyu dada yake?"

"Huyu kafuata kwa mama yake," Baba Mkubwa akadakia.

"Mimi sijawahi kupewa glasi," nikasema.

"Glasi gani?"

Nikaeleza yote, tangu kochi la kwanza. Baba Mkubwa akaninong'oneza, "Mdomo huo umeutoa wapi?"

"Labda ni damu, Baba Mkubwa."

Mwalimu akaandika: mtoto atabaki shuleni, ila asikanyage tena karakana. Mlezi atie sahihi.

Ilikuwa saa nne asubuhi, na siku hiyo hakuna kochi lililokuwa limepimwa bado. Kalamu ilitetemeka mkononi mwa Baba Mkubwa, ikachana karatasi mara mbili. Pacha wangu aliutazama ule mkono mpaka ukamaliza kutia sahihi.