Mwaka Tuliosomeshwa Habari za Paulo

Upepo ulipovuma kutoka upande wa kichinjio, Kitengela yote ilinuka ngozi mbichi na damu iliyokauka, na juu ya harufu hiyo likaja vumbi la saruji kutoka Athi River. Wageni walifunika pua. Sisi tuliozaliwa hapo tulijua tu kwamba ni siku ya kuchinja na kwamba jioni Baba angerudi na matumbo. Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea ukingoni, mji ukiwa bado mstari wa maduka kando ya barabara, na nyuma ya maduka pundamilia wakila nyasi. Baba alikuwa na bucha karibu na steji. Aliyemchinjia yeye na wenye bucha wengine ni Mzee Abdi, jirani yetu, aliyehamia hapo na familia yake kutoka Garissa kabla sijazaliwa. Sherehe yoyote mtaani, iwe harusi ya Wakikuyu au mahari ya Wamaasai, kisu alipewa yeye. Hakuna aliyelitangaza jambo hilo kama sheria. Mnyama akichinjwa na Muislamu, kila nyumba ingeweza kula. Akichinjwa na mwingine, nyumba kadhaa zingekaa kwenye sherehe zikitazama wenzao. Basi Mzee Abdi alimlaza ng'ombe akielekea Kibla, akatamka maneno yake kwa sauti ya chini, akafanya kazi, akanawa mikono. Siku ya Idd mkewe, Mama Halima, alitupitishia sufuria ya pilau juu ya ua. Krismasi Mama alipitisha chapati kwa njia hiyohiyo.

Mama alifundisha watoto kanisani kila Jumapili, na mwaka ule somo lilikuwa maisha ya Mtume Paulo. Alifumua gunia la unga, akachora ramani kwa makaa: Yerusalemu huku, Dameski kule, bahari katikati kama doa la chai. Tulimpenda Paulo kwa sababu alianza vibaya. Alikuwa mtu mkali, akienda mji wa watu na ruhusa mfukoni ya kuwakamata waumini, akaangushwa njiani na kuingia mjini akishikwa mkono kama kipofu. Tulimpenda pia kwa kuwa alishona mahema ili asiwe mzigo kwa mtu. Tulikuwa tukijiandaa kuigiza habari zake siku ya kuweka wakfu paa jipya la kanisa. Mimi nilikuwa nyoka aliyemuuma kisiwani Malta, mkono wangu umevishwa soksi nyeusi ya Baba. Mabati ya paa hilo yalibebwa na pikapu ya Mzee Abdi bila malipo, na Mchungaji Ndirangu mwenyewe alimwalika kwenye sherehe mbele ya watu wote.

Ndipo akaja mhubiri mgeni. Alisimamisha hema karibu na soko, akafunga vipaza sauti, na jioni ya pili akauliza umati kama unajua maneno gani husemwa juu ya nyama unayoinunua. Alisema Mkristo anayekula nyama iliyoombewa kwa dua nyingine ameketi meza moja na mashetani. Mchungaji Ndirangu alikuwa jukwaani nyuma yake. Nilikaa mahali nilipoweza kumwona uso, nikangoja atikise kichwa, kwa maana kila Idd nilimwona akitoka kwa Mzee Abdi akipangusa midomo. Alitazama viatu vyake. Kesho yake wateja wa Baba walianza kusimama nje ya dirisha la bucha kwanza. Mmoja aliuliza, "Hii imeombewa na nani?" Baba akamjibu, "Imeombewa na njaa yako. Nikukatie wapi?" Mteja alicheka lakini akaenda zake bila nyama. Shuleni watoto walituimbia kwamba kwetu tunakula mashetani kwa kilo. Halima, rafiki yangu, aliniuliza mashetani hao ni akina nani, nikamwambia sijui, nami nilijua.

Wazee wa kanisa wakakaa, wakaamua ng'ombe wa sherehe achinjwe na vijana wa kanisa. Mzee Abdi hakuambiwa. Kila mmoja alifikiri mwenzake atamwambia, au alitumaini hivyo, na siku zikazidi kukaribia huku mzee akipita kutusalimu na kumuuliza Baba wataanza saa ngapi.

Jumapili moja kabla ya sherehe, Mama alitufikisha Antiokia. Alitueleza kwamba Petro alikuwa akila huko na watu wa mataifa bila wasiwasi, mpaka wageni walipofika kutoka Yerusalemu. Hapo akaanza kujitoa mezani kidogo kidogo, akiogopa macho yao, na wengine wakamfuata. Paulo akamwambia kosa lake mbele ya wote. Mama hakutaja jina la mtu yeyote wa Kitengela. Hakuhitaji. Jioni Mchungaji alikuja nyumbani, akakataa kiti, akamwomba Mama igizo liruke sehemu hiyo, liende moja kwa moja kwenye meli iliyovunjika. Alipoondoka Baba alimwambia Mama amwache Mchungaji, bucha imebaki na wateja wachache na watoto wanahitaji karo. Siku iliyofuata Mama alifuta Antiokia kwenye gunia kwa kitambaa chenye maji.

Siku ya sherehe tuliigiza kama Mchungaji alivyoagiza. Watu walipiga makofi nilipouma. Mzee Abdi na familia yake walikaa mstari wa mbele, yeye amevaa kanzu nyeupe, Mama Halima amekumbatia chupa ya maziwa ya ngamia aliyoileta kama zawadi. Nadhani mzee alidhani tumemwita mchinjaji mwingine wa kichinjio. Sahani zikaanza kupita. Mzee alipokea yake, akaitazama, kisha akamgeukia Mchungaji, aliyekaa kando ya mhubiri mgeni.

"Mchungaji, hamkuniita. Nani amechinja?"

"Vijana wetu," Mchungaji akasema.

"Vijana gani?"

"Wa kanisa, Mzee."

Mama Halima alikuwa mwepesi kuliko sisi wote. Alimpokonya kitindamimba wake kipande kilichokuwa kimegusa midomo, mtoto akaangua kilio. Mzee Abdi aliweka sahani chini polepole. Mhubiri akasema kila mtu ana meza yake. Mama alikuwa anapita na birika la chai. Alilitua chini, akasimama mbele ya Mchungaji.

"Idd ulikula kwa huyu mzee mpaka ukalegeza mshipi. Tulikuwa pamoja. Siku hiyo mashetani walikuwa wamesafiri?"

Mtu mmoja alicheka nyuma, akanyamaza ghafla.

"Mama Wambui, si hapa," Mchungaji akamwambia Mama.

"Alialikwa hapa."

Mama akachukua sahani yake ya nyama, akaiweka chini kando ya ile ya Mzee. Alisema kama wageni ni wa chai, basi naye ni wa chai. Baba, aliyemwomba anyamaze, alitazama sahani yake kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka, kisha akaiweka chini. Koko Nashipae, ajuza wa Kimaasai aliyependa nyama kuliko mtu yeyote kanisani, alisema ametafuna nyama tangu alipoota meno lakini leo haitapita, akajishika koo. Wengine waliendelea kula, wakitafuna bila sauti. Mzee Abdi alimwambia Mama, "Mwalimu, asante. Lakini sikuomba mtu alale njaa." Akanywa chai yake yote bila haraka, akaongoza familia yake nyumbani.

Mama aliambiwa apumzike kufundisha. Idd iliyofuata tulikaa uani tukisikia vijiko vikigonga sufuria upande wa pili, na hakuna kitu kilichovuka. Mwishowe Mama alinunua mbuzi siku isiyo ya sherehe yoyote, akamwita jirani. Mzee Abdi alichinja, akanawa, akapangusa kisu.

"Mtakula na nani?"

"Na nyinyi, mkija."

"Halima na mama yake watakuja. Mimi nipe muda, Mwalimu."

Walikuja. Yeye hakuja. Miaka ya elfu mbili ilipoanza, aliugua akarudishwa Garissa, akazikwa huko, na muda aliouomba ukaishia hapo.

Kitengela sasa ni ghorofa na foleni, na hakuna mchungaji ninayemsikia akihubiri juu ya nyama. Mwaka jana, kwenye harusi ya ndugu yangu mdogo, wapishi waliuliza mapema kwa simu, wakaweka mahema mawili: halali upande huu, kawaida upande ule. Ni utaratibu mzuri, nasema hivyo bila kejeli. Hakuna mtoto aliyepokonywa kipande mdomoni. Lakini hakuna pia aliyelazimika kumfikiria jirani yake. Kijana mmoja mwenye sare alimuuliza Mama, akimwita bibi kwa Kikuyu, "Cucu, wewe ni hema gani?" Wakwe walikuwa wakimpungia mkono kutoka meza kuu, alikoketi askofu. Mama aliwapungia pia, akaegemea fimbo yake, akavuka nyasi hadi alipokuwa Halima na wanawe. Halima alisogea. Akamkatia nyama vipande vidogo, maana meno ya Mama yamebaki machache, wakala sahani moja.