Tangazo la Ng'ombe

Mwenye duka la pembejeo hapa Ngokolo hanipendi, na simlaumu. Kila nikimkuta anampimia mtu dawa ya pamba kwenye chupa ya soda, nasimama mlangoni na kumuuliza mbele ya wateja wake: nyumbani kwa huyu mtu, nani mwingine anajua kilichomo humo? Hunijibu kwa upole, "Shikamoo bibi, dawa hii haina shida." Naitikia marahaba, kwa kuwa nililelewa vizuri, kisha naendelea kufoka. Haina shida kwa nani? Swali hilo nilichelewa kuliuliza nilipokuwa mke mchanga, na sitaki mwingine achelewe.

Ilikuwa miaka ya nzige, vita ya Wazungu ikiwa bado haijaisha. Nilikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka minne, na tuliishi katika kijiji kisicho mbali na mji wa Shinyanga. Mume wangu alikuwa Geita, akifanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu. Nyumbani tulibaki mimi, mtoto, mama mkwe wangu na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, aliyewalinda ng'ombe wetu kana kwamba aliwazaa yeye.

Nzige walikula uwele, wakala mtama, wakala hata nyasi za kuezekea. Tulibaki na michembe, vile viazi vya kukatwa na kuanikwa, na hiyo nayo ilikuwa inakaribia kwisha. Lakini nzige mwenyewe ni chakula, na sisi tuliokulia huku hatuhitaji kufundishwa. Unamkusanya asubuhi mapema akiwa ameganda kwa baridi, unamng'oa mbawa na miguu, unamkaanga kwenye kigae kwa chumvi kidogo mpaka akauke. Mama mkwe wangu alikuwa fundi wa kazi hiyo. Alikuwa akisema kwamba mtama wetu ulikuwa tumboni mwa nzige, basi tukimla tunauchukua tena, na nyama juu yake. Akishasema hivyo alicheka, na meno yake mawili ya mbele yalionekana yote, maana ndiyo pekee yaliyobaki.

Serikali ikamleta Mzungu ambaye tulimwita Bwana Nzige. Alikuja na lori la magunia ya pumba zilizochanganywa na sumu, zikatiwa na sukari guru ili tunutu, yaani nzige wachanga ambao bado hawajui kuruka sawasawa, wazipende. Kabla ya kuzimwaga aliitisha mkutano kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu. Walioitwa ni wenye ng'ombe. Kwetu mwenye ng'ombe ni mwanamume, kwa hiyo walikwenda wanaume watupu. Karani alisoma tangazo: dawa itamwagwa kwenye mbuga ya mashariki, ng'ombe na mbuzi wasilishwe huko kwa siku kumi, atakayekaidi atatozwa faini, na akifiwa na mnyama asije kulalamika.

Shemeji alilitii tangazo lile neno kwa neno. Aliwahamishia ng'ombe upande wa magharibi na kuziba njia kwa miiba. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu, "Wameweka dawa ya nzige mbugani. Ng'ombe wasipite." Hakunificha kitu. Hilo ndilo lote alilopewa kuleta nyumbani, nami niliona halinihusu. Mimi sikuwa ng'ombe.

Siku ya tatu, mimi na mama mkwe tulikwenda kisimani, mbali kabisa na mbuga ile. Tukawakuta tunutu wamejaa kwenye nyasi za kandokando. Wale walioandika tangazo walisahau kwamba nzige hutembea. Jua lilikuwa limeshapanda, lakini hata tulipowasogelea hawakujaribu kutukimbia. Tuliwazoa kwa mikono miwili kama karanga, tukajaza kapu zima.

"Leo wamechoka kutuibia," mama mkwe alisema.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: tulirudi tukiimba, na kapu nililibeba mimi.

Yeye akawasha moto, mimi nikarudi kisimani kuchukua maji mengine. Mpishi wa nzige huonja wa kwanza, na mjukuu alikuwa magotini pake kama kawaida, mdomo wazi. Niliporudi na mtungi kichwani walikuwa wameshakula, bibi viganja vingi, mtoto kiganja kimoja. Fungu langu lilikuwa limefunikwa na ungo. Kabla sijalifunua, mtoto alianza kutapika.

Jioni wote wawili walikuwa wamelegea kama nguo iliyoloa. Asubuhi shemeji aliazima baiskeli, akampakia mtoto, nami nikawafuata kwa miguu hadi zahanati ya mjini. Mganga msaidizi aliniuliza amekula nini. Nikasema nzige. Akaniuliza kama kuna sumu yoyote imewekwa kijijini. Nikamweleza habari za dawa ya mbugani, naye akaacha kila alichokuwa anafanya na kunitazama. Hata yeye hakuambiwa. Lori la sumu lilipita mbele ya zahanati yake, na hakuna aliyeona haja ya kusimama na kumwambia ni sumu gani, wala afanye nini mtu akiila.

Mama mkwe wangu alikufa siku hiyo adhuhuri, mimi na shemeji tukiwa bado mjini na mtoto. Mwanangu alipona, kama kupona ndiko huko. Baada ya wiki chache ngozi ya nyayo zake ilibanduka, akaanza kusema kwamba haisikii ardhi. Kisha miguu ikakataa kumbeba.

Mume wangu alikuja kutoka Geita kwenye matanga. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku ile aliongea. Kule mgodini, alisema, kuna sumu ya kutolea dhahabu. Matangi yake yana uzio, pana askari, pana ubao wenye fuvu la kichwa, na mtu akisogea bila ruhusa anafukuzwa kazi. Aliniuliza kisimani kwetu palikuwa na ubao gani. Nikamwambia hapakuwa na kitu. Hapo nikapandwa na hasira ambayo haijashuka hadi leo. Kumbe walijua kuilinda sumu. Waliilinda palipokuwa na dhahabu.

Mwezi uliofuata Bwana Nzige alirudi na karani wake kuandika hasara. Waliketi uani kwetu, karatasi magotini.

"Ng'ombe wangapi wamekufa?" karani aliuliza.

"Hakuna hata mmoja," shemeji alijibu.

Bwana Nzige aliitikia kwa kichwa, ameridhika, karani akaandika.

"Amekufa mtu," nikasema.

Karani alinigeukia, akaniita mama kwa lugha yetu. "Mayu, hapa tunaandika mifugo."

"Basi igeuze karatasi, uandike nyuma."

Ilibidi atafsiri. Bwana Nzige aliuliza kwa nini bibi alikula pumba za sumu. Nikasema bibi hakula pumba, alikula nzige. Karani alipomaliza kutafsiri, yule Mzungu alinitazama, akamtazama karani, akauliza jambo kwa sauti ya chini.

"Anauliza," karani alisema, "kwani ninyi mnakula nzige?"

Karani huyo alikuwa mtu wa kwetu. Alikua akila nzige kwenye kigae cha mama yake, kama mimi.

"Hukumwambia?" nilimuuliza.

"Hakuniuliza," alijibu, akitazama viatu vyake.

Sijui nani kati yao alinikasirisha zaidi. Niliwaambia hawataondoka bila kuandika. Dawa isimwagwe tena kabla wanawake hawajaambiwa kisimani, kwa Kisukuma. Zahanati ijulishwe. Pumba zitakazobaki zichomwe, na mtu awekwe kuzilinda mpaka ziishe. Shemeji, ambaye hakuwahi kuniunga mkono katika jambo lolote, alikwenda kusimama mlangoni mwa ua. Bwana Nzige akaandika, nyuma ya karatasi ya mifugo.

Msimu uliofuata nzige walirudi, na tangazo lilikuja kisimani kweli. Karani ni yule yule. Alianza na ng'ombe, akaja mbuzi, akaja kuku, halafu akasema watu wasile nzige wala pumba, na atakayeumwa akimbilie zahanati, waganga wa huko wameshaambiwa. Mwanangu alikuwa pembeni yangu, ameegemea fimbo niliyomchongea. Tulisikiliza mpaka mwisho. Lilikuwa tangazo fupi sana. Mama mkwe wangu alitumia muda mrefu zaidi kukaanga wale nzige.