Msaidizi Aliyeacha Kusahau

Natengeneza mfumo wa kupokea maziwa hapa Musoma, nasaidiwa na akili bandia. Ilikuwaga inasahau. Kila asubuhi naielezea kazi upya kama mgeni, mpaka nikachoka.

Alhamisi nikaiandikia kwa hasira: "Kesho sipo, naenda Butiama kupokea ng'ombe wa mahari ya dada. Bosi nimemwambia nimefiwa na mjomba. Hifadhi yote kwenye kumbukumbu ya kudumu, usiache hata neno."

Jumatatu ofisi nzima ilinipa pole, tukamwombea marehemu. Baada ya amina, bosi akakaa kwenye kompyuta yangu, akaandika: "Tuliishia wapi?"

Akasoma jibu kwa sauti: "Imebaki ripoti tu. Ng'ombe wamefika salama? Bosi bado anaamini ule msiba?"

Akanigeukia taratibu. "Ijibu basi. Imekuuliza."