Siku Nilipomlilia Mume Aliye Hai

Wajukuu wangu wanadhani babu yao alipenda jiko. Acha niseme kabla sijafa: mimi ndiye niliyembakiza huko.

Enzi za Mwingereza mume wangu Yona alikuwa mpishi wa misheni, Mtinko. Mvi zimeshaanza, akaomba bomani kufanya mtihani wa ukarani wa hesabu. Kwa umri wake waliruhusu ajaribu mara moja tu, mwaka uleule. Alikuwa amesoma miaka mitatu, sasa akawa anangoja kuitwa.

Asubuhi moja akaja tarishi wa boma, Mrisho wa Saidi, na kofia yake nyekundu.

"Yona yuko wapi?"

Siku hizo tarishi akimtaja mwanamume kwa jina, ujue anatakiwa kwenye kazi ya lazima ya barabara. Jirani zangu Esta na Mwajuma waliwaficha waume zao porini. Mimi nikajiona nina akili kuwapita.

"Amekufa," nikasema, nikakaa chini nikalia.

Mrisho akanipa pole, akaondoka na karatasi aliyokuwa ameishika. Yona alikuwa misheni anapika. Sikumwambia kitu.

Wiki tatu zikapita, akachoka kungoja, tukaenda wote bomani Singida. Karani Petro akafungua faili, akasoma, akamtazama Yona, akasoma tena.

"Mzee, mtihani ulifanyika juzi. Barua ya kukuita ilirudi. Imeandikwa hapa kwamba mwombaji ni marehemu. Mjane wake ndiye aliyesema."

Yona akanigeukia polepole. Hakufoka.

"Mama Elia," akasema, "mimi nilikufa siku gani?"