Mwenzake Kalunde Ulingoni

Mwaka 2002 Faiza Faki alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, na alikuwa mrefu kuliko wengi wa wanaume waliokuja kunywa chai kwenye hoteli ya mama yake. Hoteli yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza za mbao, na jiko nje, nyuma ya soko la Machakos. Baba yake, mzee Faki, alikuwa fundi wa baiskeli, mzaliwa wa mji huohuo. Mama yake, Mwanaasha, aliletwa na ndoa kutoka Mombasa, na ingawa alikuwa amekaa bara miaka mingi, wateja bado walimtania kwa Kiswahili chake. Faiza alimaliza kidato cha nne, akatafuta kazi, akakosa. Kwa kuwa unga wa mahamri ulitaka kukandwa kila alfajiri, akawa yeye ndiye mkandaji.

Mmoja wa wateja wa asubuhi alikuwa Kalunde, msichana wa Kathiani aliyeleta maparachichi sokoni na kuyauza kwa mkokoteni. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana na maneno machache. Watu walijua kwamba jioni alikuwa anacheza ndondi kwenye ukumbi wa mji pamoja na wanaume, na walikuwa wamechoka kumcheka. Siku moja alikuja na kocha wake, Justus, askari jela mstaafu ambaye pua yake ilikuwa imelala upande.

Justus alimwangalia Faiza akipita na sufuria ya maharagwe, ameibeba kwa mkono mmoja.

"Dada, wewe unacheza mchezo gani?"

"Sichezi chochote. Nilicheza netiboli shuleni."

"Kalunde yuko na majaribio Nairobi mwisho wa mwaka. Ya timu ya taifa ya wanawake. Wale atakutana nao ni warefu, na mimi hapa sina mwanamke mrefu. Kusema ukweli, hata mfupi mwingine sina." Akanywa chai kidogo. "Sikuombi upigane. Nakuomba uje usimame mbele yake."

"Atanipiga?"

Kalunde akajibu kabla ya kocha. "Nitakupiga. Lakini na wewe utanipiga."

Faiza alidhani mama yake angekataa. Mwanaasha aliendelea kugeuza mahamri kwenye mafuta kwa muda mrefu, kisha akatoa masharti yake: mikono mirefu na kitambaa kichwani, asisimame mbele ya mwanamume, na arudi kabla ya magharibi.  Kesho yake mzee Faki alimtengenezea binti yake kamba ya kuruka kwa waya wa breki, akatia kwenye ncha zake vishikio vya usukani wa baiskeli.

Faiza aliipenda kamba ile tangu siku ya kwanza. Aliupenda pia mfuko wa mchanga uliotundikwa kwenye boriti ya ukumbi, na jinsi ulivyotoa mlio tofauti ngumi ilipoingia sawasawa. Mabega yake yalikuwa yamezoea unga, kwa hiyo hayakuchoka upesi. Justus alimfundisha kusimama, mguu wa kushoto mbele, kidevu chini, na kuurusha mkono wa kushoto moja kwa moja kama mtu anayesukuma mlango. Mkono huo ulikuwa mrefu ajabu. Baada ya mwezi mmoja au miwili Kalunde alianza kupata taabu ya kumfikia.

Shida ilikuwa kwamba kila ngumi yake ilipompata Kalunde usoni, Faiza alisema, "Pole."

Alisema bila kujua. Wanaume waliokuwa wakifanya mazoezi pembeni walicheka hadi wakaketi sakafuni. Wakaanza na wao kuambiana pole kila walipopiga mfuko. Kalunde alivumilia wiki nzima, kisha siku moja akavua glavu katikati ya mazoezi.

"Faiza, mimi si mgonjwa."

"Inatoka yenyewe tu."

"Si neno tu. Ukisema hilo neno unasimama. Ukisimama mimi napumzika. Kule Nairobi nani atanipumzisha? Ukinihurumia hapa utanifanya nipigwe kule."

Maneno hayo yalimwingia Faiza. Alijifunza kuuma kinga ya meno na kunyamaza. Alijifunza kufuatisha ngumi ya kwanza na ya pili hata alipoona macho ya Kalunde yamelegea. Naye pia alipigwa, na hakuwa mwoga wa kupigwa. Alirudi nyumbani na mdomo umevimba, akakanda unga kama kawaida, na wateja wakauliza kama ameolewa na mtu mbaya.

Mambo mengine mazuri yalikuja. Alitembea sokoni bila kuinamisha mabega, jambo ambalo alikuwa amelifanya tangu utotoni ili aonekane mfupi. Vijana wa stendi waliokuwa wakimwita mlingoti walianza kumsalimia kwa jina. Justus alianza kuzungumza naye kama mchezaji, si kama kifaa cha Kalunde. Alimwambia kwamba kwa urefu ule, na mkono ule, angeweza kufika mbali kuliko Kalunde mwenyewe. Alisema hayo Kalunde akisikia, na Kalunde aliitikia kwa kichwa.

Mwezi wa nane Justus akampatia pambano la kirafiki kule Athi River, kwenye ukumbi uliokuwa karibu na barabara kuu. Mpinzani alikuwa Pauline, msichana wa hukohuko, mwembamba, mwepesi, mwenye nywele alizosuka kulala kichwani. Justus alizungumza na waandalizi ili Faiza aruhusiwe kuvaa mikono mirefu na suruali ndefu, wakakubali kwa sababu halikuwa shindano rasmi. Mwanaasha alikuja. Alikaa mstari wa nyuma na mdogo wake Faiza, Nuha, akajifunika shela hadi puani kana kwamba kuna baridi.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya Pauline. Aliingia na kutoka kama kuku anayedonoa, na Faiza alipiga hewa. Alipoketi kwenye kona, Kalunde, aliyekuwa ameshika ndoo, alimwambia asimfuate. "Wacha yeye akuje. Wewe weka mkono tu."

Raundi ya pili Faiza aliweka mkono. Pauline alikuja mwenyewe, akakutana na ngumi ya kushoto, na kabla hajaelewa ikafuata ya kulia. Magoti yake yalikunjika kidogo. Damu ikatoka puani. Refa akamsimamisha Faiza, akamwelekeza kwenye kona, akaanza kuhesabu mbele ya uso wa Pauline. Vijana wa Athi River walikuwa wamesimama juu ya viti wakipiga kelele.

Pale kwenye kona Faiza alijikuta anaomba. Alimwomba Mungu Pauline aseme basi, imetosha, ili wote wawili waende nyumbani. Lakini Pauline alifuta pua kwa glavu, akainua mikono, akamwambia refa yuko sawa. Refa akawaita. Faiza akafanya alichofundishwa. Aliweka mkono, akauweka tena, hadi mwisho wa raundi ya tatu, na mkono wake ndio ulioinuliwa.

Justus alimkumbatia. Kalunde alimpiga mgongoni. Nuha alikuwa analia, na alipoulizwa alisema ni furaha, ingawa hakuna aliyemwamini.

Baadaye kidogo, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Pauline alimjia na pamba imejazwa puani. Faiza alifungua mdomo ili amwombe radhi, lakini mwenzake alimtangulia.

"Manze, umenichapa poa kabisa. Hiyo left umeitoa wapi?"

"Kocha alinifundisha."

"Turudiane lini? Next time siingii hivyo. Nishaona venye unafanya." Alikuwa anaruka palepale kwenye saruji, hajavua hata viatu, macho yanang'aa. "Wacha nikuambie, nimesikia vizuri mwilini leo. Vibaya pia, lakini vizuri."

Faiza alimtazama. Alikuwa ameshinda yeye, na kitu alichotaka kilikuwa kwenda nyumbani. Aliyepigwa alitaka kesho ifike upesi. Hata wakati wa kurudi Machakos, Kalunde na Justus wakirudia kila ngumi kwa mikono, Faiza alikuwa akiufikiria uso wa Pauline.

Siku chache baadaye walikuwa wakichambua mchele, yeye na mama yake, na Mwanaasha akauliza bila kuinua macho.

"Hebu niambie, mwanangu. Pale unapenda nini?"

"Mazoezi, mama. Kamba. Ule mfuko. Nikitoka pale nalala vizuri."

"Na nini tena?"

"Kalunde. Tumekuwa marafiki. Na watu wananiheshimu."

"Alhamdulillahi. Na kupigana kwenyewe?"

Faiza alitoa kokoto kwenye mchele, akaliweka kando.  Hakutaka kusema uongo, na alikuwa hajawahi kujiuliza hivyo.

"Kupigana najua," akasema mwishowe.

"Sikuuliza kama unajua. Nilikuona mwenyewe kwamba wajua."

Mwanaasha hakumwambia aache. Pengine kama angemkataza, Faiza angeendelea miaka kadhaa kwa ukaidi tu. Badala yake alikaa na swali lile. Alienda mazoezini nalo. Alianza kumwangalia Kalunde kwa jicho jingine, na siku moja, wakifungua bandeji za mikono, akamuuliza.

"Wewe ukipigwa ngumi ya kwanza, unasikia nini?"

Kalunde hakufikiria sana. "Naamka. Siku nzima nauza maparachichi niko kama nimelala. Ile ngumi ya kwanza ikinipata nasema, ehe, sasa niko hapa. Na wewe?"

"Mimi nataka iishe."

"Hata ukiwa unashinda?"

"Hasa nikiwa nashinda."

Kalunde alizungusha bandeji kwenye vidole vyake akaifungua tena. Majaribio ya Nairobi yalikuwa yamekaribia. Wote wawili walijua kwamba Machakos nzima hapakuwa na mtu mwingine wa kusimama mbele yake.

"Unataka kuacha," Kalunde akasema.

"Nataka. Lakini si sasa. Nitakupeleka mpaka Nairobi. Hiyo naweza, kwa sababu ni yako. Ikiisha, ulingoni sirudi."

"Na hutanihurumia?"

"Sitakuhurumia."

Kweli hakumhurumia. Watu waliokuwa wakija ukumbini siku hizo husema hawajaona mazoezi makali kama yale. Kwa kuwa alikuwa ameshaamua, Faiza alikuwa mwepesi wa moyo, na mkono wake wa kushoto haukuwahi kufanya kazi vizuri namna ile.

Aliyelichukua jambo lile vibaya alikuwa Justus. Faiza alimwambia waziwazi, na kocha alibishana naye kwa siku kadhaa. Alimwambia woga wa kuumiza watu huisha. Alimwambia miaka miwili tu angekuwa timu ya taifa. Alifika hotelini kumwambia mzee Faki kwamba binti yake anatupa bahati.

Mzee Faki alikuwa anaziba tairi la mteja kivulini. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Kocha, wewe ulikuwa unapenda ndondi?"

"Nilikuwa napenda sana. Mpaka leo napenda."

"Basi wewe uliingia mahali pako. Huyu amesema si pake. Mimi nitamwambia nini?"

Justus aliondoka bila kumaliza chai. Kwa miezi kadhaa alimsalimia Faiza kwa kuinua kidole tu kutoka upande wa pili wa barabara.

Nairobi, Kalunde alishinda pambano la kwanza na kushindwa la pili kwa pointi chache. Faiza alikuwa kwenye kona, ameshika ndoo. Kalunde alilia kwa hasira, akanawa uso, kisha akauliza majaribio mengine ni lini. Mwaka uliofuata alirudi akaingia timu, akapigana hadi alipopata mtoto, na baadaye akapigana tena.

Faiza alikaa mwaka mmoja bila mchezo wowote na hakuupenda mwaka huo. Mwili wake ulikuwa umezoea kufanya kazi. Alijaribu kukimbia asubuhi kuzunguka uwanja wa mji, akaona kukimbia kunamchosha akili. Hapo uwanjani ndipo mwalimu mmoja wa michezo aitwaye Munyiva, mama mnene mwenye filimbi shingoni, alipomwona na kumwomba amsaidie kubeba vifaa. Katika vifaa hivyo kulikuwa na tufe la chuma. Faiza alilipima mkononi. Munyiva akamwambia aliweke shingoni, apinde magoti, asukume.

Tufe liliruka mbali, likatua kwenye nyasi na kuchimba shimo dogo. Hapakuwa na mtu upande ule. Faiza alienda kulichukua mwenyewe, akarudi, akasukuma tena. Alifanya hivyo hadi Munyiva alipomkumbusha kwamba wanafunzi wanasubiri vifaa vyao.

Alitupa tufe kwa miaka mingi. Alishiriki mashindano ya mkoa mara kadhaa, na mara moja akawa wa pili. Hakufika timu ya taifa, na Justus, ambaye walikuja kupatana naye, hakuacha kumkumbusha kwamba kwa ndondi angefika. Alijibu kwamba huenda ni kweli. Mwaka 2005 aliolewa na Ramzi, muuza vipuri wa mjini, mwanamume mfupi kuliko yeye na asiyejali. Hoteli aliichukua yeye, mama yake alipochoka na moshi.

Mwaka 2008 Kalunde alimletea binti wa dada yake, msichana wa kidato cha pili, aliyekuwa anataka kuanza ndondi na ambaye mama yake alikuwa anahofia. Kalunde alitaka asikie pande mbili. Faiza alimpa chai na mahamri, akamweleza mambo yote: kamba, mfuko, uvimbe wa mdomo, heshima sokoni. Msichana alisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza kama anaweza kujua kabla hajaanza kwamba ndondi inamfaa.

"Hapana," Faiza akamwambia. "Mimi ilinibidi nishinde ndipo nikajua. Nenda, pigana kidogo. Halafu jiangalie siku inayofuata unataka nini."

Msichana alimtazama Kalunde, ambaye aliendelea kula mahamri yake. Jioni hiyo walienda ukumbini wote watatu. Faiza alibaki mlangoni kwa muda, akawaangalia wakifungana bandeji, kisha akaenda zake uwanjani kwenye tufe lake kabla jua halijazama.