Shilingi Kumi ya Nyanya

Kiganja kikininukia sarafu, huwa narudi kwenye mchanga wa kanisa letu kule Lodwar.

Mwaka ule watu waliogopa mabomu, kwa hiyo baba, mlinzi wa kanisa, alipewa kifaa cha kutambua chuma. Kilimlilia nyanya, mama yake.

"Mama, toa hiyo ya shingo."

"Wewe ulizaliwa ukanikuta nayo," alisema, mkono juu ya pete ya shaba aliyovishwa shingoni alipoolewa. Kwa kuwa hakuruhusiwa kuingia nayo, akanipa sarafu ya shilingi kumi nimpelekee sadaka, akaketi nje ya ua.

Niliiangusha kabla ya kufika mlangoni, nikalia mpaka ibada ikaisha. Baba akapiga magoti, akapitisha kifaa polepole juu ya mchanga. Kilipolia tukachimba kwa vidole. Ilikuwa moto kama yai lililotoka kutagwa.

"Peleka ndani kwa kikapu cha sadaka," baba aliniambia.

"Hata hiyo imelia," nyanya akasema, "lakini inaingia."

Jumapili iliyofuata alikuja tena na pete yake. Baba alizima kifaa kwanza, halafu akampitishia mwili mzima, kichwani hadi miguuni, kama mtu mwingine yeyote.