Niliomba convertisseur ya sauti, mukwe akaniletea ya courant

Admin, ficha jina langu, lakini hasira yangu uiache wazi. Niko muzee wa miaka sabini na moja, mulimaji wa maharagwe huku Bihambwe, na mu Masisi yote hakuna muntu anajua mambo ya sauti kunipita. Mafundi wanakuja kuniuliza mimi.

Haya, nimedanganya. Hakuna fundi aliyekuja. Niliachia masomo mu mwaka wa tano wa primaire, na kazi ninayojua ku amplifier ni kuzungusha kifungo mpaka majirani wakasirike.

Bibi yangu, mama ya watoto wangu, alikufa miaka sita iliyopita. Alikuwa anaimba mu korali, na nyimbo zake zilibaki ku kaseti moja. Kabla ioze, binti yangu anayekaa Goma alizihamisha, akanitumia ku telefone. Nikaunga telefone ku amplifier yangu ya zamani na baffle zangu mbili za kutolea sauti, kubwa kama mbuzi wamesimama. Kumbe! Bibi akatoka na sauti ya mbu mu kopo, na mulio "vuuu" nyuma yake. Na sikio langu la kushoto limeshakufa, la kuume njo linaaga.

Nikapanda pikipiki mpaka Masisi centre kwa fundi wa radio.

"Papa, mu telefone nyimbo ni namba tu, na telefone inazigeuza sauti vibaya. Amplifier haijui kusoma namba, kama wewe."

"Mujinga wewe, namba najua. Ni herufi zinanisumbua."

Akacheka, akatoa kasanduku kadogo kama pakiti ya biskuti. "Hii njo DAC, convertisseur ya sauti. Inageuza namba ikuwe sauti. Ukichagua, usidanganywe na ukubwa ao taa. Angalia mashimo: ya USB ya kuingilia, nyekundu na nyeupe za kutokea ku amplifier. Na ikubali telefone yako. Basi."

Akaunga. Ndugu zangu, nilimusikia bibi akivuta pumzi! Nilimusikia kati ya nyimbo mbili akituliza mutoto ku mugongo: "Nyamaza basi, mama, nyamaza." Nililia mbele ya wateja. Lakini ile ilikuwa yake fundi, hakutaka kuiachia. Akaniandikia ku karatasi: DAC.

Sasa sikieni ujinga wangu. Siku ya kumuomba mukwe, bwana ya ule binti wa Goma, niliona "DAC" ni neno fupi, halina heshima. Convertisseur njo refu, tamu mu kinywa, muntu anaonekana alisoma. Nikapiga simu: "Mukwe, nitafutie convertisseur ya muzuri." Nikakata, nikajisikia docteur.

Alikuja siku ya Mungu, ibada ikiisha, na sanduku zito wanaume wawili wanabeba. Convertisseur ya courant, ya umeme! Ile ya kuunga ku batri ya soleil, ya jua! Pasta akaiombea, wamama wakapiga vigelegele. Na mimi ninayo moja tayari! Lakini huku kwetu zawadi ya mukwe hairudishwi mbele ya watu, ni kumuaibisha binti yako. Nikasema asante, meno yakiuma.

Watu walipotoka, nikamueleza polepole kwamba nilitaka ya sauti, nimusikie bibi. Akanijibu: "Papa, sauti ya muntu alishakufa itakusaidia nini? Na hii utachaji telefone za kijiji nzima."

Mupumbavu wa suti! Ule mutoto anayelia mu kaseti njo bibi yake, anayemupikia kila siku! Nilitamani nimukalishe juu ya ile convertisseur, kisha niiwashe. Tangu siku ile hatuongei. Yeye anatangaza muzee hana shukrani, na binti yangu analia ku simu: "Papa, unanivunjia nyumba." Lakini sikio halingoji tupatane.

Nishaurini: nimurudishie sanduku lake hadharani, ao ninyamaze mpaka nisisikie tena kitu? Nitukaneni mukitaka, lakini munijibu.

Na wewe uliyekuwa mushenga wao siku ya posa, najua unasoma hii page. Siku ile ulisahau jina la binti yangu mbele ya wazee wote, nami nikakohoa kwa nguvu, nikakunong'oneza. Nilikuponya. Sasa uniponye. Baba hagombani na mukwe mudomo kwa mudomo, mushenga njo anapita katikati. Nenda Goma, umuambie herufi tatu tu: D, A, C. Andika ku mukono, maana wewe na majina nawajua.